Uzi maalumu kwa wazazi wapya: mtoto kaingia chia (cheerleading) ya mashindano Marekani, tuelewe kinachoendelea kwenye mkeka

#1 MzaziWaDallas (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wazazi wenzetu tunaozungumza Kiswahili hapa Marekani, wa Dallas, Houston, Columbus, Minneapolis, Louisville na kwingineko, ambao watoto wamerudi nyumbani na karatasi ya jimu iliyojaa majina ya ajabu, leveli, tarehe na malipo. Wengi wetu tunajua mpira, riadha na netiboli. Huu mchezo hatukukua nao, na wenyeji wanadhani kila mtu anaujua, kwa hiyo hawaelezi. Nimewaomba makocha na wazazi wazoefu waandike humu. Waulizaji karibuni.

Nianze na kutofautisha. Kuna chia ya shule na chia ya jimu. Ya shule huchagua watoto majira ya kuchipua, kisha hushangilia timu za mpira wa Kimarekani kuanzia Agosti, na baadhi ya shule hushindana pia. Mashindano makubwa ya taifa ya sekondari, yale ya chama cha UCA (Universal Cheerleaders Association), huwa Februari huko Orlando. Ya jimu, ambayo rasmi inaitwa All Star, haishangilii mtu yeyote. Hakuna mpira wala timu ya kusaidia. Kazi yao ni moja: kuingia kwenye mkeka na kuonyesha rutini isiyozidi dakika 2 na sekunde 30 mbele ya majaji. Kanuni za usalama na umri zinawekwa na USASF, chombo kilichoanzishwa mwaka 2003. Uzi huu ni wa hii ya jimu.

Na kwa anayeona ni maonyesho ya urembo tu: chama cha kimataifa cha mchezo huu, ICU, kilipewa utambuzi kamili na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2021.

---

#2 KochaBaraka

Asante mkuu. Naanza na leveli, kwa sababu hapo ndipo kila mwaka mwezi wa 5 na wa 6 simu za makocha hujaa malalamiko.

Leveli zinaanzia 1 hadi 7. Namba hiyo haipimi kipaji cha mtoto. Inaeleza kanuni zinazoruhusu timu kufanya nini. Kwa ufupi, upande wa sarakasi za chini:

Leveli 1 ni kubiringika, gurudumu, raundofu (gurudumu la kutua miguu yote miwili pamoja), na kupinduka nyuma au mbele polepole mguu mmoja ukitangulia. Hendispringi (kujirusha na kupinduka kwa kupitia mikono) hairuhusiwi kabisa, hata kama mtoto anaiweza akiwa usingizini. Leveli 2 inaruhusu hendispringi ya nyuma moja ukiwa umesimama, na mfululizo wake ukitokea kwenye raundofu. Leveli 3 mfululizo unaruhusiwa hata ukiwa umesimama, na samasoti (kupinduka hewani bila mikono kugusa chini) ya kwanza inaingia, lakini ya kukimbilia tu. Leveli 4 ni samasoti ukiwa umesimama, na ya kukimbilia mwili ukiwa umenyooka. Leveli 5 samasoti huongezewa mwili kujizungusha mara moja hewani (twisti), leveli 6 mara mbili. Leveli 7 ni ya vitengo vya wakubwa, si ya watoto wenu wa shule ya msingi.

Upande wa kunyanyua, ambao watoto wanauita stanti: leveli 1 anayenyanyuliwa anasimama kwa miguu miwili hadi usawa wa mabega ya wanaomshika, na kwa mguu mmoja hadi usawa wa kiuno. Leveli 2 miguu miwili hadi mikono ya wabebaji inyooke juu kabisa, mguu mmoja usawa wa mabega. Leveli 3 mguu mmoja juu kabisa. Kuanzia hapo huongezeka mizunguko, kuachiwa na kudakwa tena.

Kila mtoto kwenye timu hufuata leveli moja. Ndiyo maana mwenye samasoti nzuri anaweza kuwekwa leveli 2: yeye ana samasoti, lakini stanti zake ni za leveli 2, au hendispringi yake inatoka vizuri asubuhi na kuvunjika jioni akichoka. Kocha hampangi mtoto kwa kitu alichofanya mara moja mbele ya simu ya mama yake. Anampanga kwa anachoweza kukifanya kila mara, kwenye dakika ya pili ya rutini, mapafu yakiwaka moto.

---

#3 MamaZawadi

Kocha, shikamoo na asante kwa somo. Binti yangu ana miaka 9, anapiga hendispringi, wamemweka leveli 1 kundi la umri la Youth. Nihame jimu?

---

#4 KochaBaraka

Marahaba mama Zawadi. Kabla ya kuhama muulize kocha wake maswali matatu, ana kwa ana, mtoto akiwa hayupo.

Kwanza: hendispringi yake inakosa nini? Jibu zuri ni mahususi. Mengi ya makosa ni haya: anaruka juu badala ya nyuma, magoti yanatangulia vidole anapokaa, anatupa kichwa kabla ya mikono, viwiko vinakunjika anapotua. Kiwiko kilichokunjika ndicho kibaya kuliko vyote kwa sababu kichwa kinakuwa karibu na sakafu. Kocha akijibu "hajawa tayari" tu bila kusema wapi, endelea kuuliza.

Pili: kwenye stanti anasimama nafasi gani, na je, nafasi hiyo anaiweza kwa leveli ya 2?

Tatu: nje ya rutini, kuna darasa la kuendeleza sarakasi? Mtoto wa leveli 1 anatakiwa aendelee kufundishwa hendispringi na zaidi kwenye madarasa, hata kama haionyeshi mashindanoni. Jimu isiyo na utaratibu huo ndiyo ya kuwa na wasiwasi nayo.

Mwaka mmoja wa leveli 1 iliyofanywa sawasawa, miguu imenyooka, vidole vimechongoka, mikono imefungwa masikioni, humfikisha leveli 3 haraka kuliko miaka miwili ya leveli 2 ya kubahatisha. Hilo nalisema bila kusita.

---

#5 JajiMstaafu_OH

Naomba niingie kwenye alama, maana mzazi asiyejua karatasi ya alama atakasirikia watu wasiohusika.

Karatasi ina sehemu za kunyanyua (stanti, piramidi na kurusha), sehemu za sarakasi (za kusimama, za kukimbilia, na miruko), kisha dansi na mvuto wa jumla. Karibu kila sehemu ya ufundi ina alama mbili: ya ugumu na ya ubora wa utekelezaji. Baada ya hapo yanakuja makato.

Ugumu hauangalii tu kilichofanywa. Unaangalia WANGAPI wamekifanya. Kwenye mfumo unaotumiwa na mashindano mengi ya kampuni ya Varsity kuna vipimo viwili: zaidi ya nusu, yaani asilimia 51, na sehemu kubwa, yaani asilimia 75. Chukua timu ya watoto 20. Asilimia 75 ni watoto 15. Timu ikiwa na watoto 15 kamili wenye hendispringi ya nyuma ya kusimama, inapata safu ya juu. Mmoja akiumwa au akaipoteza, wanabaki 14, na timu nzima inashuka safu ingawa wale 14 wamefanya vizuri mno. Kwa hiyo kocha anapomwambia mzazi "tunamhitaji Jumanne", anamaanisha hesabu hiyo.

Stanti ni vilevile. Kundi la kawaida ni watu wanne: flaya anayepanda, beizi wawili wanaomshika, na bekispoti nyuma. Watoto 20 ni makundi matano. Akikosekana mmoja siku ya mazoezi, hakosekani peke yake, wengine watatu wanasimama kando saa nzima.

Makato: mtoto mmoja kugusa chini kwenye sarakasi ni kato dogo. Stanti kuyumba ni kubwa kidogo. Stanti kushuka kabla ya wakati ni kubwa zaidi, na kuanguka hadi chini ndiyo zito. Kuna pia kutoka nje ya mkeka, kuzidisha muda, na kuvunja kanuni ya leveli, mfano timu ya leveli 1 kupandisha mguu mmoja mahali pasiporuhusiwa. Rutini isiyo na kato hata moja ndiyo watoto wanaishangilia kwa kelele zile: wanasema wamepiga ziro. Kupiga ziro si kushinda, lakini timu isiyopiga ziro mara chache sana hushika nafasi ya kwanza mashindano makubwa.

Kwenye mashindano ya siku mbili angalieni uzito wa siku. Yale ya chama cha NCA (National Cheerleaders Association) ya Dallas, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, siku ya kwanza huwa asilimia 25 na ya pili asilimia 75. Kuongoza Jumamosi hakujamaliza kazi.

---

#6 BabaTumaini

Asante sana mheshimiwa. Swali dogo: mkeka wenyewe una ukubwa gani? Mtoto anasema jimu yao ndogo wanafanyia nusu.

---

#7 JajiMstaafu_OH

Futi 54 kwa 42, vipande 9 vya mkeka vilivyounganishwa kwa ukanda wa kunata. Kwenye mashindano ya All Star chini yake kuna sakafu ya springi. Timu za shule hufanyia mkeka mfu, yaani usio na springi. Jimu yenye nusu mkeka inaweza kufundisha stanti vizuri kabisa, ila muulize kocha timu itapata wapi mkeka kamili kabla ya mashindano ya kwanza. Mtoto aliyezoea nusu hupotea nafasi yake anapofika kamili, na kugongana hutokea hapo.

---

#8 KochaBaraka

Niongeze kuhusu nafasi, kwa sababu kila mzazi anataka mwanawe awe flaya. Naelewa, ndiye anayeonekana kwenye picha. Lakini stanti inajengwa kutoka chini.

Angalieni kupanda kwa kawaida hadi mabegani. Beizi wawili wanatazamana, miguu upana wa mabega, mgongo umenyooka, wanachuchumaa kidogo na kuweka viganja kama bakuli usawa wa tumbo. Flaya anaweka mikono juu ya mabega yao, anaruka, miguu yote inaingia kwenye viganja. Hapo uzito wake unatakiwa uwe kwenye mikono YAKE, kwenye mabega yao, si kwenye viganja vyao. Bekispoti anamshika kiuno, kisha vifundo vya miguu. Kwa hesabu moja beizi wanashuka pamoja na kusimama kwa nguvu ya mapaja, mikono inapita karibu na kifua, inafungwa mabegani. Flaya anakaza magoti, makalio na tumbo, na kutazama mbele juu kidogo.

Kinachoharibika mara nyingi: beizi mmoja kuwahi, mguu mmoja unakuwa juu kuliko mwingine. Beizi kunyanyua kwa mgongo. Mikono kwenda mbali na mwili. Flaya kutazama chini, kiuno kinakunjika, uzito unakwenda nyuma na bekispoti anabebeshwa kila kitu. Mzazi hapo husema beizi dhaifu, kumbe kosa limeanzia kwenye macho ya flaya.

Stanti ikianguka, sheria ni moja: hakuna anayerudi nyuma. Beizi wanadaka juu, bekispoti anachukua kichwa na mabega kwa kupitisha mikono kwapani. Flaya naye asishike vichwa vya wenzake wala kunyoosha mkono kuifuata sakafu. Mkono ulionyooshwa ndio unaovunjika.

Mtoto akiwa bekispoti mzuri, furahini. Makocha wanawatafuta sana. Na tafadhali, stanti hazifanyiwi nyumbani, si sebuleni wala kwenye nyasi. Nyumbani flaya afanye msamba, kusimama mguu mmoja dakika moja kila upande akiwa amekaza goti, na kujinyoosha. Beizi wafanye kuchuchumaa, pushapu, na kuimarisha viganja.

---

#9 NesiWaWatoto

Mimi nazungumzia afya tu.

Mtikisiko wa ubongo kwenye chia hutokana zaidi na stanti, na wanaopata si flaya peke yao. Beizi na bekispoti hupigwa kiwiko au goti la anayeshuka. Mtoto akilalamika kichwa, mwanga unamsumbua, anajibu polepole, ana kichefuchefu, au "hajisikii kawaida", anatoka siku hiyo hiyo na harudi siku hiyo, hata kama baada ya dakika kumi anasema yuko sawa. Kurudi ni kwa hatua, kila hatua angalau saa 24, kuanzia shughuli za kawaida za nyumbani na shule, mazoezi mepesi, kuongeza mwendo, mazoezi mazito bila kugusana, mazoezi kamili, ndipo mashindano. Dalili zikirudi, shuka hatua. Kutapika mara kwa mara, degedege, mboni moja kubwa kuliko nyingine, au usingizi asioamka: hapo ni kupiga 911.

Maumivu ya mgongo wa chini yanayozidi anapojipinda kinyumenyume na yasiyoisha baada ya wiki mbili au tatu yasifunikwe na dawa ya kuchua. Yanaweza kuwa mpasuko mdogo wa mfupa wa uti wa mgongo, ambao eksirei ya kawaida huweza kuukosa. Mwambieni daktari waziwazi kwamba anapiga hendispringi. Maumivu ya kisigino kwa watoto wa miaka 8 hadi 13 mara nyingi ni sehemu ya mfupa inayokua; barafu, kupunguza miruko na viatu vyenye mto husaidia. Vifundo vya mikono navyo vipumzishwe, kwa mtoto anayekua havitakiwi kuuma kila siku.

La mwisho na ninalisisitiza. Mtu yeyote akimwambia flaya apunguze kula ili abebeke, zungumza na mwenye jimu siku hiyo hiyo. Flaya mzito aliyekaza hubebeka kuliko mwepesi aliyelegea. Mtoto anayekua akishindishwa njaa huumia mifupa, na binti hedhi inaweza kukatika au kuchelewa.

---

#10 DadaNeema_TX

Naomba msaada. Mtoto alikuwa na hendispringi mwaka mzima. Ghafla anafika mahali, anainua mikono, anasimama. Analia. Hajaanguka wala hajaumia. Mume wangu anasema ni uvivu.

---

#11 KochaBaraka

Dada Neema, pole. Si uvivu hata kidogo. Ni jambo la kawaida sana kwenye sarakasi za kwenda nyuma, na huwapata mara nyingi walio makini na wenye uwezo. Mwambie shemeji mwili wa mtoto unakataa kwenda mahali macho hayaoni, na kumgombeza kunakaza breki hizo zaidi.

Kinachofanyika: anarudishwa kwenye hatua anayoifanya bila kusita. Inaweza kuwa kwenye pipa la sponji, mkeka wa mteremko, au trampolini ndefu ya jimu, kocha akiwa ameweka mkono mgongoni. Anafanya chache nzuri, anaacha. Siku nyingine mkono unakuwa mwepesi, kisha kocha anasimama tu karibu, kisha mteremko unapungua, kisha sakafu ya springi. Hatua moja ikikwama, anarudi iliyo chini yake bila maneno.

Usimwahidi simu mpya wala zawadi. Usimfanye ajaribu mara hamsini akilia, kila kusita ni zoezi la kusita. Usimuulize kwenye gari "leo umeipiga?" Muulize habari za dansi, za rafiki zake. Na kocha akitaka kumwondoa kwenye sehemu hiyo ya rutini kwa muda, kubali. Kama JajiMstaafu alivyoeleza, ni hesabu ya watu 15, hajafukuzwa. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi.

---

#12 MhasibuWaTimu

Tuje kwenye hela, kwa sababu karatasi ya ada ya mwezi si gharama yote.

Ada ya mwezi kwa timu ya msimu mzima mara nyingi ni kati ya dola 150 na 350. Juu yake kuna sare, dola mia tatu na kuendelea, ambayo kwa kawaida hudumu misimu miwili kabla jimu haijabadilisha. Viatu dola 60 hadi zaidi ya 100. Nguo za mazoezi. Koreografia na muziki, ambavyo hulipwa majira ya joto na havirudishwi. Ada ya kuingia mashindano, kwa kila shindano. Uanachama wa USASF wa mwaka. Halafu zile ambazo jimu haziandiki: mafuta, hoteli, chakula, na tiketi yako wewe mtazamaji, maana mzazi naye hulipa mlangoni, na babu na bibi pia.

Mambo ya kuuliza kabla ya kusaini mkataba, na majibu yawe kwa maandishi:

– Mashindano ni mangapi, mangapi ya kusafiri, na yapi lazima mlale hoteli iliyopangwa na waandaaji? Baadhi ya mashindano makubwa yana sharti hilo. Ukijipangia hoteli rahisi kando, timu inaweza kupata adhabu.
– Mtoto akiumia au tukihama mji katikati ya msimu, ninadaiwa nini? Mikataba mingi ina ada ya kujitoa.
– Kuchangisha fedha: kinachopatikana kinaingia kwa mtoto wangu au mfuko wa pamoja?
– Timu ikialikwa Orlando, nani analipa?

Hilo la mwisho lina maelezo yake. Kwenda Worlds, mashindano ya dunia yanayofanyika Aprili Orlando kwa leveli za juu, au The Summit ya Mei ambayo huchukua hata leveli za chini, timu lazima ipate mwaliko kwenye shindano lililoidhinishwa kuutoa. Mwaliko uliolipiwa unabeba gharama za washindani, zote au sehemu. Mwaliko wa kawaida unamaanisha mmefuzu, mnajilipia wenyewe. Watoto watashangilia vyote kwa sauti ileile, kwa hiyo subirini barua kabla ya kushangilia na nyie.

Jimu nyingi zina pia ngazi ya Prep: saa chache za mazoezi, rutini ya dakika 2, mashindano machache ya karibu. Kwa familia inayoanza na yenye watoto wengine wa kulisha, ninaipendekeza bila kusita. Mwaka wa kwanza hauhitaji ndege.

Na msisikie aibu kulalamikia bei. Wazazi wa hapa hapa walipeleka madai mahakamani dhidi ya Varsity, kampuni kubwa ya mashindano na sare, na mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 82.5 kumaliza kesi hiyo.

---

#13 BabaTumaini

Mhasibu, ubarikiwe. Na hizi pesa zitarudi kwa skolashipu ya chuo?

---

#14 MhasibuWaTimu

Usiipigie bajeti, kaka. Vyuo vingi huwapa wanachia posho ndogo au punguzo la ada, si skolashipu kamili kama ya kikapu. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac iliamua kwamba timu yao ya chia haikuwa imefikia kuhesabiwa kama mchezo wa chuo chini ya sheria ya usawa wa kijinsia. Tangu hapo imekua michezo ya jirani kama STUNT na akrobatiki, ambayo vyuo kadhaa vinaitambua kimichezo. Mtoto acheze kwa sababu anaupenda.

---

#15 MamaWaMabinti

Jamani nywele! Kocha kaandika nywele zifungwe juu kabisa zikiwa na mawimbi. Za wanangu ni za kipilipili, nimewasuka.

---

#16 MsusiWaColumbus

Dada, usiwachome kwa joto kila wikendi, zitakatika kando. Mwombe kocha mtindo wa nywele asilia mwanzoni mwa msimu, siyo usiku wa kuamkia mashindano. Jimu nyingi sasa zinakubali. Inayokaa vizuri ni mistari ya kusuka kuelekea utosini, halafu ncha unazikusanya fundo moja au unaunganisha mkia wa bandia uliopinda. Usikaze mno, paji la uso likivutika mtoto ataumwa kichwa kabla hajafika. Suka siku mbili tatu kabla ili ngozi ipoe.

Shanga toa zote. Kwenye samasoti zinampiga usoni, zikidondoka kwenye mkeka mwenzake anateleza. Hereni, cheni, bangili na kipini ni marufuku kwenye mkeka, hata vya kufunikwa na plasta. Kwa hiyo usimtoboe masikio Novemba, hayatapona. Utepe wa kichwani mwongozo wa USASF unasema usizidi inchi 3 upana. Ufunge kwa mpira NA pini, maana utepe unaodondoka ni kitu cha kukanyagwa.

---

#17 UmmuSalma

Assalam aleikum. Binti yangu anavaa hijabu. Inawezekana?

---

#18 KochaBaraka

Waaleikum salaam ummu Salma. Inawezekana, ila izungumzwe mapema, siku ya kupimwa sare, ambayo huwa majira ya joto. Sare hutengenezwa kwa oda na huchukua wiki nyingi, huwezi kurekebisha Novemba. Omba mambo mawili: fulana ya kubana ya mikono mirefu na suruali ya kubana vya rangi ya sare, na hijabu ya michezo isiyo na pini, ya kuvutwa kichwani na kukaa ndani ya kola. Vitambaa visiwe vya kuteleza. Beizi anahitaji kushika kifundo cha mguu, kwa hiyo suruali iishie juu ya kifundo. Mtoto aivae tangu mwezi wa kwanza wa mazoezi ili flaya na beizi waizoee. Uliza pia kama atahitaji kocha wa kike kwenye kushikwa wakati wa sarakasi. Kocha mwema hatashangaa.

Na hili linawahusu wote. Kocha awe amepitishwa kwenye ukaguzi wa rekodi na mafunzo ya SafeSport (ya kuwalinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji). Kocha hamwandikii mtoto ujumbe wa faragha, mzazi au mtu mzima mwingine awe ndani. Hakai na mtoto chumba cha hoteli. USASF na US Center for SafeSport wote wanachapisha majina ya waliosimamishwa. Dakika tano za kutafuta jina la kocha hazimvunjii mtu heshima.

---

#19 MzaziWaDallas

Nimalizie na siku ya shindano lenyewe, kwa wanaokwenda Novemba.

Saa mtakayopewa ni ya kukutana, si ya kupanda mkekani. Kwa kawaida mtoto afike nywele na vipodozi vikiwa tayari. Chakula cha maana saa mbili au tatu kabla: wali, ndizi, mkate na mayai, si vya kukaanga. Mkobani weka viatu vya pili au angalau nyuzi za viatu, utepe wa akiba, pini, plasta ya kufungia viganja, maji, na soksi. Sare isivaliwe garini.

Kutoka mkutano wanapelekwa chumba cha kupashia moto. Huko ni dakika chache kwa kila kituo: ukanda wa sarakasi, mkeka wa stanti, mara nyingine mkeka kamili. Mzazi hupati kuingia, na usipige simu. Mtoto akianguka kule ndani, kocha anaweza kubadili rutini palepale, kwa hiyo usishtuke ukiona stanti imepunguzwa.

Mbele ya mkeka huwa kuna eneo la wazazi wa timu inayofuata. Mnaingia timu yenu inapoitwa, mnashangilia, mnatoka mara moja kuwapisha wengine. Kushangilia ni kwa sauti kubwa na kwa timu zote. Timu ikianguka, yenu au ya wengine, ndipo kelele ziongezeke. Watoto wanazisikia na wanamaliza rutini. Kupiga picha kwa mwanga wa flashi ni mwiko, flaya anapofushwa akiwa hewani.

Ratiba ya saa kamili hutoka siku chache kabla, wakati mwingine wiki moja. Msikate tiketi ya ndege ya kurudi Jumapili mchana. Utoaji wa tuzo unaweza kuwa jioni, na timu hukaa mkekani pamoja mpaka majina yaishe.